Jirani Mwenye Meno: Majibu ya Barua Zenu Kuhusu Mbwa Mwitu, Fisi na Simba

Tangu tulipochapisha makala fupi kuhusu kurejea kwa mbwa mwitu katika nchi za Ulaya, barua zimemiminika kuliko tulivyozoea katika safu hii. Baadhi zimetoka mbali, na baadhi zimeandikwa na watu ambao usiku wa kuamkia siku waliyoshika kalamu walikuwa wamepoteza mbuzi. Nimechagua saba. Ambao barua zao hazimo humu wataona kwamba maswali yao mengi yamejibiwa ndani ya maswali ya wenzao.

Mwalimu wa shule ya msingi, Kondoa, anauliza: Ndugu Mhariri, wanafunzi wangu wameniuliza kama mbwa mwitu anayetajwa katika vitabu vya dini ndiye huyu mwenye mabaka anayeonekana katika pori zetu. Nilisita kujibu. Naomba msaada kabla sijarudi darasani.

Mwalimu, ulifanya vyema kusita, kwa sababu Kiswahili kimewapa jina moja wanyama wawili ambao hawana undugu wa karibu. Yule anayewavamia kondoo katika Injili ya Yohana, na yule ambaye ndugu zake Nabii Yusuf walimsingizia kwamba amemla mdogo wao, ni mnyama wa Palestina na Sham, wa jamii ya mbwa mwitu wa kijivu wanaoishi Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini. Wafasiri wetu walipotafuta neno la kumwita, walichukua jina la mnyama waliyemfahamu, na ndiyo maana hata leo mtoto wa Kondoa akisikia habari za mbwa mwitu aliyevaa ngozi ya kondoo, picha inayomjia ni ya huyu wa kwetu mwenye masikio makubwa ya duara, rangi za njano, nyeusi na nyeupe zilizochanganyika, na mkia wenye kishungi cheupe.

Huyu wa kwetu ana vidole vinne katika miguu ya mbele badala ya vitano, na hawezi kuzaa na mbwa wa nyumbani. Yule wa kaskazini, kinyume chake, ndiye mzazi wa mbwa wote tunaowafuga, kuanzia koko wa sokoni hadi wale wa polisi. Waeleze wanafunzi wako pia kwamba Afrika haikukosa kabisa ndugu wa mbwa mwitu wa kijivu. Katika milima ya Ethiopia, hasa Bale, juu ya mita 3,000, yupo mbwa mwitu wa Ethiopia, mnyama mwekundu mwenye miguu mirefu anayekula panya na fuko wakubwa wa milimani, na idadi yake ni kama 500 tu duniani kote. Halafu, mwaka 2015, wataalamu wa vinasaba walitangaza kwamba mnyama ambaye kwa muda mrefu sote tulimwita bweha wa dhahabu, yule anayezunguka katika nyanda za Serengeti na sehemu za Kenya, ni wa spishi ya pekee iliyo karibu zaidi na mbwa mwitu wa kijivu kuliko na bweha wa Asia waliyefananishwa naye. Kwa hiyo ukiwapeleka wanafunzi Serengeti na wakamwona mnyama huyo akinyemelea vifaranga vya kanga, una haki ya kuwaambia kwamba wamemwona mbwa mwitu wa kweli, ingawa dereva wa gari atabisha.

Suala hili lina uzito kuliko usahihi wa kamusi, kwa maana sifa mbaya ya mmoja imemwangukia mwingine. Kwa miongo mingi ya karne iliyopita, mbwa mwitu wetu alipigwa risasi kama mharibifu, hata na watumishi wa idara za wanyamapori, na hata ndani ya maeneo yaliyotengwa kwa ajili ya kuwalinda wanyama. Makadirio ya mwaka 2012 ya shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, IUCN, yaliweka idadi yao katika bara zima kuwa takribani 6,600 waliokomaa, na kati yao wanaozaa walikuwa kama 1,400 tu, kwa sababu katika kundi la mbwa mwitu kwa kawaida huzaa jike mmoja mkuu, na wengine wote ni walezi.

Msomaji aliyeko Leipzig, Ujerumani, anauliza: Huku ninakoishi kila wiki magazeti yanagombana juu ya mbwa mwitu. Wajerumani wana fedha, wana umeme, wana bima za kila namna, na bado wanyama mia chache wanawatoa jasho. Sisi tunaoishi na simba tuwaeleweje?

Ndugu yetu, unaishi katika jimbo la Saxony, ambalo ugomvi huo ulianzia. Mbwa mwitu wa mwisho wa zamani katika eneo la Lausitz alipigwa risasi mwaka 1904, na kwa karibu miaka mia moja mchungaji wa Saxony hakuwa na sababu ya kulala macho. Kisha mwaka 2000 jozi moja iliyovuka kutoka Poland ilizaa watoto katika uwanja wa mazoezi ya kijeshi wa huko Lausitz. Viwanja vya jeshi viliwafaa sana, kwa kuwa mizinga inapolia wawindaji haramu hawaingii. Katika hesabu ya mwaka 2023 hadi 2024, Ujerumani ilikuwa na makundi 209. Kwa nchi za Umoja wa Ulaya kwa jumla, idadi ya mbwa mwitu imepita 20,000.

Unauliza kwa nini fedha haikutosha. Kwa maoni yangu, kilichopotea katika ile miaka mia moja ni kazi ya uchungaji yenyewe, na fedha hairudishi kazi hiyo kwa siku moja. Kondoo waliachwa malishoni usiku na mchana nyuma ya uzio wa kuwazuia wao wasitoke, kwa sababu hakukuwa na wa kuingia. Mbwa wa kulinda mifugo hawakuwepo tena, na wazee waliojua namna ya kuwalea mbwa hao walikwisha kufa. Serikali za majimbo zinalipia uzio wa umeme, na zinalipa fidia kwa mfugaji aliyetimiza kiwango cha chini cha ulinzi, lakini hakuna ruzuku inayomfanya mtu mmoja mwenye kondoo mia tano aamke saa tisa usiku katika mvua kuhakikisha kwamba nyasi hazijagusa waya na kuumaliza umeme wake. Kule ambako mbwa mwitu hakuwahi kutoweka, kama vile katika milima ya Romania, mchungaji hulala na kundi lake na mbwa wake hulala kando, na hasara ipo, lakini haiwi habari ya magazeti ya taifa.

Mwaka 2022 mbwa mwitu alimuua farasi mdogo wa Bibi Ursula von der Leyen, Rais wa Kamisheni ya Ulaya, huko Saxony ya Chini. Mwaka uliofuata Kamisheni yake ilipendekeza ulinzi wa mbwa mwitu ulegezwe, na Desemba 2024 nchi wanachama wa Mkataba wa Bern, unaolinda wanyamapori na mimea ya Ulaya, zilikubali kumshusha kutoka daraja la wanaolindwa vikali hadi daraja la wanaolindwa tu. Sisemi kwamba farasi mmoja ndiye aliyegeuza sheria, maana wafugaji walikuwa wakilalamika tangu zamani. Ninachokiona ni kwamba kilio cha wafugaji kilianza kusikika vizuri zaidi msiba ulipofika nyumbani kwa mkubwa, na hilo mfugaji wa Longido analielewa bila kutafsiriwa.

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza, Morogoro, anauliza: Nimetazama video inayosema kwamba mbwa mwitu waliporudishwa Yellowstone, Marekani, hata mito ilibadili mkondo. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, tunaweza kutumia hoja hiyo kuwashawishi wananchi wetu wawapende wanyama wanaokula nyama?

Nusu ya habari hiyo ni kweli kabisa. Mbwa mwitu wa mwisho wa Yellowstone waliuawa mwaka 1926, na kuuawa kwao wakati huo kulikuwa kazi rasmi ya hifadhi. Mwaka 1995 na 1996 waliletwa 31 kutoka Kanada. Kulungu wakubwa waitwao elki, ambao katika sehemu ya kaskazini ya hifadhi walikuwa karibu 19,000 kabla ya mbwa mwitu kurudi, walipungua hadi kufikia kama 4,000 mnamo 2013, na katika baadhi ya mabonde miti ya kandokando ya vijito, iliyokuwa ikiliwa ingali michanga, ilianza kurefuka.

Video huruka mambo mawili. La kwanza ni kwamba elki hawakupunguzwa na mbwa mwitu peke yao, maana dubu na simba wa milimani waliongezeka katika kipindi hicho hicho, wawindaji wenye leseni waliwangoja nje ya mpaka, na ukame nao haukukaa kando. La pili ni la vijito vyenyewe. Wakati mbwa mwitu hawapo, wanyama wajengao mabwawa, biva, walikosa miti wakahama, maji yakachimba mikondo ikawa ya kina, na kiwango cha maji ardhini kikashuka mbali na mizizi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado walifuatilia maeneo hayo kwa zaidi ya miaka 20, na katika utafiti waliouchapisha mwaka 2024 walionyesha kwamba kurudi kwa wawindaji wakubwa hakukuirudisha hali ya zamani katika sehemu kubwa ya bonde.

Kwa hiyo usiwaahidi wananchi kwamba fisi atawaletea mto. Wakigundua kwamba umewadanganya katika hilo, hawatakuamini utakapowaambia jambo la kweli. Hoja inayosimama ni nyepesi zaidi, nayo ni kwamba kumtoa mnyama ni rahisi na kumrudisha ni ghali, na hata akirudi hakuti nyumba aliyoiacha. Mfano wa nyumbani tunao. Mbwa mwitu walitoweka katika nyanda za Hifadhi ya Serengeti mwanzoni mwa miaka ya 1990, na magonjwa ni miongoni mwa sababu zilizotajwa. Walibaki upande wa Loliondo, kwenye ardhi ya wafugaji, nje ya hifadhi iliyokusudiwa kuwalinda, na kuanzia mwaka 2012 ni kutoka huko ambako makundi kadhaa yalikamatwa na kuhamishiwa ndani ya hifadhi. Ukitaka kuwashawishi wananchi, anza kwa kuwashukuru waliovumilia.

Mzee mfugaji, Simanjiro, anauliza: Nimefuga kwa miaka arobaini. Zamani tulipoteza mnyama mmoja mmoja. Siku hizi fisi na simba wanaingia zizini na kuua kumi kwa usiku mmoja na kuwaacha. Vijana wangu wanataka kuweka sumu kwenye mzoga. Wewe unayeandika mjini una lipi la kutuambia?

Shikamoo mzee wangu. Neno la kwanza ni la sumu, kwa kuwa haliwezi kungoja. Dawa ya wadudu inayopakwa kwenye mzoga haichagui. Februari 2018, jirani na Hifadhi ya Ruaha, mzoga mmoja uliotiwa sumu uliua simba sita na tumbusi 74. Tumbusi hao hawakuwa wamekula mbuzi wa mtu yeyote, na kazi yao ya kumaliza mizoga kabla haijaeneza kimeta na magonjwa mengine hakuna anayeweza kuifanya kwa kasi ile. Sumu hiyo huua mbwa wako, na huweza kumuua mtoto anayeokota kipande cha nyama. Waambie vijana kwamba ni kosa la jinai, ingawa najua kwamba kosa la jinai halimtishi kijana aliyeamka na kukuta mbuzi kumi wamelala chali.

Kuhusu kuua kumi na kula mmoja, hiyo ni tabia ya wawindaji wengi wanapokuta mawindo yamefungiwa mahali pasipo na njia ya kukimbilia. Porini swala mmoja akikamatwa wengine hutawanyika, na mwindaji hana la kufanya ila kula alichoshika. Zizini hawatawanyiki. Kila mbuzi anayeruka mbele ya simba humwamsha upya mshipa wa kuua, na hali ni hiyo hiyo kwa mbwa mwitu wa Ulaya anapoingia katika uzio wa kondoo. Kwa maneno mengine, zizi linaloingilika ni baya kuliko kutokuwa na zizi, na hapo ndipo penye jibu la swali lako.

Chunguza kwanza mnyama anaingia wapi, au ng'ombe wanatokea wapi. Mara nyingi simba haruki kabisa, bali huzunguka zizi upande unakotoka upepo hadi ng'ombe wanuse harufu yake, wapagawe, wavunje boma la miiba wenyewe na kumfuata gizani. Fisi hutafuta lango, kwa sababu lango ndilo ambalo kila familia hulifunga kwa tawi moja la mwiba lililokauka. Katika wilaya yako wako wafugaji waliojenga uzio hai. Huchomeka nguzo za miti inayochipua ikiwa mibichi, hufunga wavu wa senyenge juu yake, na kadiri miaka inavyopita miti hukua, hushikamana na waya, na boma halihitaji miiba mipya kila msimu. Faida yake nyingine inawahusu akina mama, kwa kuwa kazi ya kukata na kuburura miiba huwaangukia wao katika nyumba nyingi. Gharama ya senyenge ni kubwa kwa familia moja, ndiyo maana mara nyingi mashirika ya uhifadhi huchangia sehemu na mfugaji huchangia nyingine. Mimi naona ni vizuri mfugaji achangie, kwa sababu uzio wa bure hauzibwi unapotoboka.

Umesikia pengine habari za Richard Turere, mtoto wa wafugaji kutoka Kitengela, pembezoni mwa Hifadhi ya Nairobi, aliyetengeneza taa za kumetameta kuzunguka boma la baba yake, zikitumia betri ya gari iliyochajiwa na sola. Aligundua kwamba simba humwogopa mtu anayetembea na tochi, akazipanga taa zionekane kama mtu anayetembea. Zinasaidia, na zimesambaa mbali. Hata hivyo, mwindaji mwenye njaa hujifunza, na taa zinazometa mahali pale pale kila usiku bila mtu kutoka huanza kuzoeleka. Zibadilishe nafasi, na usizifanye mbadala wa lango.

Kuna jambo ambalo nadhani unalijua kuliko mimi, ila hukuliandika. Watoto waliokuwa wakichunga sasa wako shuleni, na ndivyo inavyopasa. Morani wengi wako Arusha, Dar es Salaam na Zanzibar wakilinda mageti ya watu wengine. Kundi la mbuzi mia linatoka na kijana mmoja wa kuajiriwa ambaye hajui sura ya kila mnyama, jioni hahesabu, na wawili watatu wanabaki porini. Hao waliobaki porini ndio chakula rahisi kuliko vyote, na fisi aliyezoea kuwapata huwafuata wenzao hadi nyumbani. Wajerumani walipoteza uchungaji kwa sababu mwindaji aliondoka. Sisi tunaupoteza ilhali mwindaji bado yupo, na sioni uzio wowote utakaoziba pengo hilo pasipo mtu wa kuhesabu jioni. Mkikubaliana kijijini kuunganisha makundi, mkachangishana kumlipa mchungaji mmoja mzoefu mshahara wa maana, hesabu yenu huenda ikawa nafuu kuliko mbuzi kumi.

Mwisho, mbwa wako. Mbwa wa kijijini hamshindi simba, lakini humwamsha mwenye boma, na hiyo inatosha. Wachanje. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uitwao distempa uliwaua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na kule Bale kichaa cha mbwa kimeshuka mara kadhaa kutoka kwa mbwa wa wafugaji na kufagia makundi mazima ya mbwa mwitu wa Ethiopia. Ila mimi nakuombea uwachanje kwa ajili ya wajukuu wako kwanza.

Mama mfugaji, Kajiado, anauliza: Sheria inasema tutafidiwa. Tumejaza fomu, tumeambiwa tungoje, na mbuzi hawarudi. Je, fidia inasaidia kweli, au ni maneno ya kutunyamazisha?

Mama, inategemea fidia ya nani na inalipwa lini. Sheria ya Kenya ya Wanyamapori ya mwaka 2013 ni ya ukarimu kwenye karatasi, kwani kifo cha mtu kimewekewa shilingi milioni tano, na mifugo inapaswa kulipwa kwa bei ya soko kupitia kamati za kaunti. Ukarimu huo ndio umekuwa tatizo lake, kwa sababu madai yamerundikana kuliko fedha inayotengwa, na subira ya miaka imekuwa kawaida. Upande wa Tanzania, Kanuni za mwaka 2011 zilichagua maneno kwa uangalifu mkubwa. Hazikusema fidia. Zilisema kifuta jasho kwa mali na kifuta machozi kwa kifo au jeraha, na kwa kifo ziliweka shilingi milioni moja. Anayefutwa machozi hajarudishiwa alichopoteza, na angalau jina lenyewe halimdanganyi mtu.

Mfano ninaouona kuwa wa kufundisha zaidi uko karibu nawe, Mbirikani, ambako tangu mwaka 2003 kuna mfuko wa kuwafuta jasho wafugaji wanaopoteza mifugo kwa wanyama wakali. Wahakiki hufika mapema kwenye mzoga. Malipo hupungua kama boma lilikuwa bovu au mnyama aliachwa porini, na simba akiuawa jamii nzima huadhibiwa. Uhakiki huo si dharau kwa mfugaji. Wafasiri wa kisa cha Nabii Yusuf husimulia kwamba baba yake, alipoletewa kanzu yenye damu, alishangaa ni mbwa mwitu gani huyo aliyemla mwanawe bila kuichana kanzu. Mhakiki mzuri hufanya kazi ya Nabii Yaakub. Huchuna ngozi shingoni kuona kama damu ilivilia chini yake, maana mnyama aliyeng'atwa akiwa hai huvilia damu na aliyekwisha kufa kwa ugonjwa havilii. Huangalia kama ameanza kuliwa tumboni na nyuma, kama afanyavyo fisi, au ameshikwa koo, kama afanyavyo chui. Utafiti uliowahi kufanywa katika vijiji vya magharibi mwa Serengeti ulikuta kwamba zaidi ya asilimia 97 ya mifugo iliyoripotiwa kuliwa ililiwa na fisi, na sehemu ya simba ilikuwa ndogo mno. Anayelipiza kisasi kwa simba huko angekuwa akimwadhibu asiyehusika.

Hata mfuko huo haukuzuia yote. Mei 2023 simba sita waliuawa kwa mkuki siku moja huko Mbirikani baada ya kuua mbuzi, na siku chache kabla yake aliuawa Loonkiito, dume mzee wa miaka 19 aliyeingia zizini akiwa dhaifu na njaa. Kwa wiki moja walikufa simba kumi. Kwa hiyo jibu langu kwako ni kwamba malipo yanayofika ndani ya wiki chache hupoza hasira, na malipo yanayofika baada ya miaka mitatu huichochea, kwa kuwa yanamkumbusha mtu kidonda alichokwisha kukizoea. Ningekuwa mbunge wenu ningedai kiwango kidogo kinacholipwa haraka, badala ya kikubwa kinachosubiriwa hadi mdai anakufa.

Kijana, Kahama, anauliza: Je, naweza kufuga mtoto wa mbwa mwitu ili anilindie duka?

Hapana. Kumiliki mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Isitoshe, mbwa mwitu huishi kwa kundi, hukimbia kilomita nyingi kila siku na hamjali mwizi. Fuga koko, umlishe vizuri.

Mkulima, Rufiji, anauliza: Mnaandika sana habari za mifugo. Sisi huku hatuna ng'ombe, tuna mpunga na mahindi, na simba amewahi kuwala watu wetu. Mnataka tuishi naye kwa amani ipi?

Ndugu yangu, swali lako ndilo zito kuliko yote. Watetezi wa mbwa mwitu huko Ulaya hupenda kusema kwamba mnyama wao si hatari kwa watu, nao wanasema kweli. Ripoti moja ya watafiti wa Norway iliyopitia miaka ya 2002 hadi 2020 ilipata watu 26 waliouawa na mbwa mwitu katika nchi zote walizozichunguza, wengi wao wakishambuliwa na wanyama wenye kichaa, na Ulaya hakuna aliyekufa. Sasa linganisha. Kati ya mwaka 1990 na 2004, simba waliua zaidi ya watu 560 nchini Tanzania, wengi wao katika wilaya za kusini na pwani, na Rufiji peke yake ilizika watu wapatao 35 kati ya mwaka 2002 na 2004. Anayekuja kwako na maneno ya Ulaya kuhusu kuishi na wanyama wakali, mwonyeshe hesabu hiyo.

Watafiti walipochunguza vifo hivyo waliona kwamba mlango wa simba ulikuwa nguruwe mwitu. Pale ambapo nyumbu na pundamilia wamekwisha, nguruwe ndiye windo lililobaki. Nguruwe huingia shambani kula mahindi, mkulima hulala dungu kumlinda, na simba anayemfuata nguruwe humkuta mkulima akiwa peke yake gizani, ndani ya kibanda chenye ukuta wa makuti. Wakaona pia kwamba mashambulizi mengi hutokea katika siku zinazofuata mbalamwezi, zile saa za jioni ambapo giza limeingia na mwezi bado haujachomoza, kwa kuwa simba hawakupata windo la kutosha usiku wa mwanga na wana njaa.

Kwa hiyo katika siku kumi hivi baada ya mwezi kupevuka, jioni baada ya magharibi, mtu asitembee peke yake kwenda chooni, kisimani wala shambani, na dungu linalokaliwa liinuliwe juu na kuzungushiwa mbao. Mshinikizeni ofisa wanyamapori awasaidie kumpunguza nguruwe kwa njia halali, kwa sababu mtaro na uzio wa kumzuia nguruwe ni ulinzi wa mtu kuliko wa mahindi. Na simba aliyekwisha kuonja watu katika kijiji hauawi kwa hasira wala halindwi kwa huruma. Anatakiwa kuondolewa na wenye mamlaka siku hiyo hiyo anaporipotiwa, na yule hasa aliyehusika, kwa kufuata nyayo zake kutoka penye tukio. Asipoondolewa mapema, kijiji kitawaondoa wote.